Nailoni ya kitalu ikichoka: tunavyoiandaa kabla gari halijaja

Septemba hii upepo wa mchana umekausha kila kitu upande wetu wa Usa River, na vuli bado haijapiga hodi. Mwenye kitalu nyumba ambacho nailoni yake imechoka, hiki ndicho kipindi cha kuishusha. Mvua zikishaanza, nailoni hiyohiyo itashuka na maji, tope na majani yaliyooza, na hakuna atakayeitaka.

Mimi natunza stoo ya plastiki chakavu ya kikundi chetu cha wakulima wa mboga. Wengi wetu tuna kitalu kimoja cha mita 8 kwa 15, wachache wana viwili, na nje tunalima nyanya, hoho na matango kwa mipira ya kumwagilia kwa matone. Wengine wanatandaza nailoni nyeusi juu ya matuta. Msimu ukiisha, kila shamba linabaki na nailoni, mipira, kamba, viroba vya mbolea, trei za miche na chupa za dawa. Zamani vitu hivi vilichomwa jioni pembeni ya shamba au vilisukumwa korongoni. Korongo likijaa linamwaga Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki. Kwa hiyo tulikuwa tunawapelekea wenzetu wa chini uchafu wetu, tena bila hata kuwajua.

Siku hizi wapo wanunuzi wanaokuja na gari. Plastiki inakwenda kusagwa, kuoshwa, kuyeyushwa na kukatwa punje, na punje hizo zinatengenezewa vitu vingine. Lakini gari haliwezi kupanda huku kwetu kwa ajili ya mkulima mmoja mwenye kilo arobaini, ndiyo maana tukaamua kuwa na stoo ya pamoja. Na kwa muda ambao nimekuwa nikiitunza, nimeona kwamba karibu kila kitu kinaamuliwa siku plastiki inapotolewa shambani. Stoo inatunza kile ulicholeta. Ukileta kikavu na kimetenganishwa, kitatoka hivyo. Ukileta tope, litakaa tope mpaka gari lije, na litachafua na vya wenzako.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kuna watu wanaamini udongo unaongeza kilo. Nailoni ya kitalu tunayotumia wengi ina unene wa mikroni 200, yaani moja ya tano ya milimita. Mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 185 hivi. Kitalu cha mita 8 kwa 15 kikifunikwa paa na kuta kinakula kama mita za mraba 250, kwa hiyo ukiishusha yote unapata kilo 46, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Nailoni nyeusi ya kutandaza ni nyembamba zaidi. Ya mikroni 25 ina gramu 23 tu kwa kila mita ya mraba. Sasa angalia udongo: tabaka la milimita moja juu ya mita hiyohiyo moja ni karibu kilo nzima. Maji ya unene wa nusu milimita ni nusu kilo. Ukiikunja nailoni ya matuta na tope lake, kwenye kila kilo unayoleta plastiki ni kiasi cha kijiko.

Mnunuzi analijua hilo kuliko sisi. Anaingiza mkono katikati ya robota, anavuta kona moja, anaisugua kwa vidole, halafu anaangalia kiganja chake. Akikuta unyevu au vumbi zito, anakata kilo kwa makadirio yake, na makadirio hayo hayajawahi kumpendelea mkulima. Wala simlaumu. Mchanga unamaliza visu vya mashine ya kusagia, na maji yakiingia kwenye plastiki inayoyeyushwa yanageuka mvuke na kuacha matundu ndani ya punje. Kiwanda kikirudisha mzigo wake, nauli ya kwenda na kurudi ni yake.

Kushusha nailoni ya kitalu tunafanya asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Kabla ya hapo umande bado upo, na ndani ya paa kuna matone ya jasho la mimea. Baada ya hapo upepo unaanza, na upepo ukikukuta juu ya ngazi umeshika nailoni ya mita kumi na tano, utakuangusha. Kabla hatujagusa msumari wowote, mtu mmoja anapita na ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye mti mrefu, anafagia paa lote nailoni ikiwa bado imenyooka. Hatua hii watu wengi wanairuka. Vumbi likiwa juu ya nailoni iliyokazwa linateleza lenyewe, lakini nailoni ikishalegea, vumbi linaingia kwenye mikunjo na hutalitoa bila maji.

Kisha papi. Nailoni yetu imebanwa kwa papi, yaani mbao nyembamba, na misumari, na kwenye vitalu vingine kwa pini za chuma. Usiivute kwa nguvu, maana itachanika na pini zitabaki humohumo. Chukua kisu chenye makali, kata nailoni kufuata papi, ukiacha ukanda wa upana wa kiganja ukiwa bado umepigiliwa. Ile sehemu kubwa inashuka safi bila chuma hata kimoja. Ukanda uliobaki unashughulikiwa baadaye na mtu aliyekaa chini kwa utulivu, mwenye koleo na kopo la kuwekea misumari. Tukimaliza, kijana wetu anapitisha sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu juu ya kila ukanda na juu ya nyasi pale tulipofanyia kazi. Utashangaa inavyorudi na pini ambazo macho yaliziruka. Pini moja ndani ya mashine inaweza kuharibu kisu, na ng'ombe akiimeza pamoja na nyasi inaweza kumuua.

Nailoni ikiwa chini, isiguse udongo. Iwekwe juu ya nyasi au turubai. Tunaikata vipande vya mita tatu au nne, upana ambao watu wawili wanaweza kuumudu. Wawili wanashika kona nne, wanaikung'uta mara kadhaa, wanaigeuza, wanafagia upande wa ndani. Upande wa ndani mara nyingi una ukijani wa mwani, hasa karibu na mifereji ya paa. Usiuoshe. Uache juani kwa saa moja mpaka ukauke na uanze kubanduka, kisha pitisha brashi ngumu. Halafu kipande kinakunjwa kwa urefu, mara mbili, mara nne, mpaka upana ubaki kama hatua moja ya mtu mzima, na kuanzia hapo kinaviringishwa huku mwingine akikanyaga mbele ili hewa itoke. Hewa ikibaki ndani, lori la Canter litajaa upepo na kilo zitakuwa chache.

Nailoni iliyokaa juani kupita kiasi ni habari nyingine. Jua linakata minyororo ya plastiki yenyewe, na wanaopuliza sana salfa au dawa zenye klorini ndani ya kitalu wanaiwahisha, kwa sababu kemikali hizo zinaharibu kinga ya jua iliyochanganywa kiwandani. Nailoni nzuri inakaa miaka mitatu hadi mitano. Ukiibana kwa vidole ikavunjika kama ganda la kitunguu badala ya kuvutika, umechelewa: itaanguka vipande vipande wakati wa kuishusha, na wanunuzi wengi hawaitaki. Ndiyo maana nawaambia wanachama wasisubiri mpaka paa lipasuke ndipo wafikirie kulibadilisha.

Nailoni nyeusi ya matuta ndiyo inayonipa kazi kuliko zote, na nitasema ninavyoamini: kama huna watu wa kuing'oa vizuri, usiitandaze. Huku kwetu Meru majani makavu ya migomba hayakosekani, na nyasi zipo. Yanatunza unyevu, yanazuia magugu, na mwisho wa msimu yanakuwa mbolea. Nailoni inafaa kwa mwenye mkataba wa mboga safi zisizogusa udongo, au mwenye eneo lililoshindikana kwa magugu. Na akinunua, anunue ya mikroni 25 au 30. Ile nyembamba ya bei rahisi inachanikia ardhini, na kila kipande kinachobaki kitakatwa na jembe au pawatila mpaka kiwe vipande vidogo ambavyo wajukuu watavikuta.

Namna ya kuing'oa ni hii. Mavuno yakiisha, funga maji na uache matuta yakauke, siku kadhaa za jua kama hizi za sasa zinatosha. Kata mimea kwenye shina na uitoe kwanza, usiing'oe kwa mizizi kupitia matundu, maana mzizi unapotoka unapasua nailoni na kumwaga udongo juu yake. Legeza kingo zilizofukiwa kwa jembe la uma. Kisha vuta taratibu, ukiwa umeinama na mkono uko karibu na ardhi. Ukiinyanyua juu kwa hasira itakatika. Igeuze, upande uliokuwa chini uangalie jua, uiache hapohapo juu ya tuta mpaka mchana. Udongo wetu wa Meru ukikauka unabanduka wenyewe kwa vipande. Ikung'ute hapohapo shambani, kwa sababu huo ni udongo wako na una rutuba yako. Baada ya hapo ndipo iviringishwe.

Kuna sababu nyingine ya kukataa tope stoo, na nadhani ni kubwa kuliko bei. Udongo unabeba mnyauko bakteria. Mwanachama mmoja akileta nailoni yenye tope kutoka shamba lenye mnyauko, ikamwagika kwenye toroli ya mwingine, msimu ujao tutakuwa na shamba la pili lenye ugonjwa. Vivyo hivyo kantangaze. Mdudu huyu aligunduliwa nchini mwaka 2014, huku huku kwetu Ngarenanyuki, na kila mkulima wa nyanya anayesoma hapa anakumbuka alivyotumaliza. Viwavi na buu vinakaa kwenye majani yaliyokaukia kwenye kamba na kwenye kona za kreti. Mabaki ya nyanya yasipande gari moja na plastiki.

Kwa kamba za kufungia nyanya tunafanya hivi: shina linakatwa chini, mmea unaachwa ukining'inia kwenye kamba yake mpaka majani yakauke kabisa. Kisha kamba inatikiswa, majani yanaanguka, na kamba inavutwa ikiwa tupu. Mabaki yote yanakusanywa na kufunikwa kwa kipande cha nailoni ya zamani, kingo zikafukiwa ili joto la jua liue wadudu waliomo. Kipande hicho tunakitenga kwa kazi hiyo, hatukipeleki stoo mpaka kimesafishwa. Anayetupa mabaki pamoja na kamba kwenye zizi ajue ng'ombe hatenganishi. Nimeshuhudia tumbo la ng'ombe aliyechinjwa baada ya kukonda kwa muda mrefu, akiwa na fundo la kamba za samawati na mifuko lililoshikana likawa gumu, likajaza karai.

Mipira ya matone haina shida kubwa. Fungua mwisho wa kila mpira, achia maji yasukume tope, acha ikauke, ng'oa viungio, vizibo na koki, kisha iviringishe kwenye rimu ya gari kuukuu. Viungio vinatengenezwa kwa plastiki nyingine, na vingi bado vizima, kwa hiyo tunavirudisha kwa mwenyewe.

Kutenganisha ndiko kunakowatatiza wageni. Angalia kwanza alama ya pembetatu yenye namba. Namba 4 ni nailoni laini za kitalu, za kutandaza na mipira mingi ya matone. Namba 2 ni plastiki ngumu kidogo ya mabomba meusi ya maji na ndoo nyingi, na neti za kivuli kwa kawaida ziko kundi hilo. Namba 5 ni viroba vilivyofumwa, kamba za nyanya na baadhi ya kreti. Namba 3 ni mabomba ya kijivu, namba 6 ni zile trei nyepesi za miche zinazovunjika kwa mlio. Kiroba cha mbolea kina mfuko wa ndani, na mfuko huo ni wa kundi la nailoni, kwa hiyo uchomoe, ukung'ute chumvi ya mbolea, uweke kila kimoja kwake.

Kama alama imefutika, chukua ndoo ya maji yenye matone machache ya sabuni. Kata kipande kidogo, kizamishe kwa kidole, kisugue ili mapovu yaachie, kisha kiachie. Namba 2, 4 na 5 zinaelea. Namba 3 inazama. Usijaribu kutambua plastiki kwa kuichoma na kunusa, kama nilivyoona vijana wa vyuma chakavu wakifanya. Bomba la kijivu likiungua linatoa hewa ya tindikali inayochoma mapafu, na moshi wake una dioksini, sumu ambayo nchi nyingi zilikubaliana kuipunguza kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2001. Mabomba hayo hata gari letu halichukui. Tunayatenga, na mafundi bomba wanakuja kuchagua vipande vinavyofaa.

Halafu kasha. Fundi alitutengenezea kasha la mbao lisilo na kitako wala mfuniko, urefu mita moja na upana wake mita moja kasoro, upande mmoja unafunguka kwa bawaba. Tunatandika chini vipande vinne vya kamba iliyokatwa kwenye nailoni ileile, ncha zikining'inia nje. Nailoni zilizoviringishwa zinapangwa ndani, mtu anapanda na kukanyaga, zinaongezwa, anakanyaga tena mpaka kasha lijae. Ncha zinavutwa juu na kufungwa, upande unafunguliwa, robota linatoka limesimama. Msisitizo wangu upo kwenye ile kamba. Usifunge nailoni kwa katani, wala kwa kamba ya nyanya, wala waya. Katani haiyeyuki, kamba ya nyanya ni namba 5, na waya ni chuma. Ukifunga nailoni kwa nailoni, robota zima linaingia mashineni bila mtu kulifungua. Mnunuzi akikuta hivyo mzani wake unakuwa na heshima. Kijana anayepima aliwahi kuniambia, "Mama, za hapa nazipakia bila kufumua," na tangu hapo hajatukata kilo.

Stoo yenyewe ni banda la mabanzi lenye paa la mabati kuukuu. Sakafu tumeinua kwa paleti ili maji ya masika yapite chini. Marobota ya nailoni yako kushoto, mipira na mabomba kulia, viroba na kamba nyuma, na katikati kuna njia ya kupita toroli. Juu ya marobota hatufuniki kwa nailoni, kwa sababu yatatoa jasho usiku. Paa na kivuli vinatosha. Hatukandamizi kwa mawe pia, maana mawe yana tabia ya kuondoka na mzigo. Tunatumia magogo. Mkokoteni wa mbolea, dizeli ya pampu na chochote chenye moto vinakaa mbali, na nyasi kuzunguka banda zinafyekwa mpaka chini. Plastiki ikishika moto ndoo za maji hazitasaidia. Vitu vilivyobaki nje, kama trei, tunavigeuza kifudifudi ili visishike maji ya mvua, kwa sababu mbu wanaoeneza dengi wanataka kiasi kidogo tu cha maji kutagia.

Wapo majirani waliokuwa wakiona aibu kuleta nailoni zao hadharani, wakidhani katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 linawahusu. Katazo lile ni la mifuko ya kubebea. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje. Leteni mchana.

Sasa vyombo vya sumu, na hapa sina mjadala na mtu. Niliwahi kukutana na mtoto wa darasa la tatu njiani akienda shule, amebeba maji ya kunywa kwenye chupa ya lita moja. Kibandiko kilikuwa kimekwanguliwa nusu, lakini picha ya fuvu ilikuwa bado inaonekana. Nilimrudisha nyumbani kwao. Mama yake hakuwa mzembe hata kidogo. Aliniambia, "Dada, hiyo niliisugua na majivu na maji ya moto, haina hata harufu." Mama wengi wangefanya vilevile, kwa sababu chupa ni ngumu, ina mfuniko mzuri, na hakuna aliyewaambia kwamba plastiki inanyonya sehemu ya dawa na kuiachia polepole kwenye kile unachoweka baadaye. Hata ukiisafisha vipi, haiwezi kurudi kuwa chombo cha kunywea.

Kwa hiyo chupa isafishwe palepale dawa inapochanganywa, anayeichanganya akiwa bado na glavu zake. Dawa ikiisha kumiminika kwenye bomba la kupulizia, iache chupa ichuruzike kwa nusu dakika. Jaza maji robo ya chupa, funga, tikisa kwa sekunde 30, mimina kwenye bomba. Rudia mpaka zitimie mara tatu. Maji hayo ya kusuuzia yanakwenda kwenye zao unalopulizia, hayamwagwi mferejini. Na ni dawa uliyoilipia. Ukisubiri jioni, masalia yameshakaukia ukutani na kusuuza mara tatu hakutatosha. Ng'oa karatasi ya fedha ya mdomoni, toboa kitako kwa msumari mnene ili isiweze kushika maji tena, mfuniko uweke kando kwa kuwa ni plastiki nyingine.

Chupa hizo hazichanganywi na plastiki nyingine yoyote, hata kama namba ni ileile. Hazipewi vijana wa chupa, kwa sababu wao hawawezi kujua zitaishia kwenye beseni au kikombe cha nani. Kwetu zina kizimba chao cha wavu, nje ya stoo, chenye paa na kufuli, na ufunguo ninao mimi. Pakiti za unga zenye utando wa fedha ndani nazo zinakaa humo, kwani zimegandishwa tabaka kwa tabaka na hazirejelezwi. Kuhusu zinakokwenda, tunafuata maelekezo ya afisa kilimo wa kata na ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, ambayo ofisi zake kuu ziko hapa hapa Arusha, Ngaramtoni. Duka linalokuuzia dawa nalo liulize litazipokea vipi chupa zake. Tukiuliza wengi, watalazimika kuwa na jibu.

Siku ya gari, kila robota tayari lina kipande cha nailoni nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: jina la mwanachama, aina, na kilo tulizopima wenyewe. Tunapima kabla, kwa mzani wetu wa kuning'iniza, kisha mnunuzi anapima kwa wake na tunalinganisha daftari. Ikitokea tofauti tunapima tena robota lile mbele ya wote, hakuna ugomvi. Nailoni zinapakiwa kwanza kwa kuwa ni nzito na zinakaa imara, viroba vinawekwa juu. Fedha zinagawanywa kwa kilo za kila mtu, sehemu ndogo inabaki kwa mlinzi na ukarabati wa banda. Si fedha ya kununulia nailoni mpya, nisidanganye mtu. Kwa kitalu kimoja inalipa vibarua wa kuishusha na inabaki kidogo. Lakini shamba linabaki wazi, mfereji unapita, na mbuzi hawatafuni kamba.

Mzigo wa sasa tunataka uondoke kabla ya katikati ya Oktoba, barabara ikiwa bado inapitika. Wenzetu wa Kikwe, Maji ya Chai na Nduruma mlioniuliza kama mnaweza kuunganisha wa kwenu, tumekubaliana kwenye kikao kwamba mnakaribishwa, kwa masharti yaleyale ya wanachama. Iwe kavu, imekung'utwa, imeviringishwa na kufungwa kwa nailoni yenyewe, misumari na pini zimetolewa. Sumaku iko mlangoni na kila robota litapitishiwa. Chupa za dawa msije nazo siku hiyo, tutapanga siku yake.